Tangazo Lilisema Wati 150: Mwongozo Kamili wa Kudai Haki Yako kwa Muuzaji Mdanganyifu Uganda

Fundi alipitisha ukucha kwenye kona ya stika, akaivuta taratibu kama anayemenya ndizi. Chini yake kulikuwa na stika nyingine. Ya juu ilisema wati 150. Ya chini, iliyofifia kidogo, ilisema wati 80.

Paneli hiyo ya sola niliinunua kwa shilingi 380,000. Niliiona kwenye statasi ya WhatsApp, nikatuma pesa kwa simu, boda akaniletea Kawempe, hapa Kampala, jioni ileile. Kwa siku kumi na moja nililaumu betri, nikalaumu waya, nikalaumu hata mawingu. Siku ya kumi na mbili ndipo nikamwita fundi. Pesa yangu ilirudi, ila ilinibidi nijifunze mambo ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya kubonyeza namba ya siri. Nayaandika hapa kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya.

Kwanza ujue unasimama wapi. Uganda haina sheria moja ya kumlinda mlaji ambayo ungeweza kuipiga mezani na kusema "hii hapa". Muswada umezungumzwa miaka nenda miaka rudi. Kinga yako imetawanyika: kipande kimo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, kingine katika Sheria ya Mikataba ya 2010, kingine katika Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011, na vingine katika sheria za viwango, mizani, dawa, mawasiliano na makosa ya jinai. Kwa hiyo mtu anayeshinda ni yule anayejua agonge mlango upi, na anayefika pale na ushahidi mkononi. Ukizitaja sheria hizi, zitaje kwa jina na mwaka. Namba za sura na vifungu vingi zilibadilika toleo jipya la sheria za Uganda lilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na utapoteza muda ukibishana na karani kuhusu namba.

Hatua ya 1: Likamate tangazo kabla halijafutwa

Hili lifanye kabla ya kulipa. Statasi ya WhatsApp inaishi saa 24. Posti ya Facebook hufutwa kwa kidole kimoja. Piga picha ya skrini inayoonyesha maneno yote, bei, tarehe na namba ya simu ya muuzaji. Kama ni video, rekodi skrini. Kama ni redio, andika jina la stesheni, siku, saa na kipindi, kwa sababu bila saa hakuna atakayelitafuta tangazo lako.

Kisha muulize muuzaji kwa maandishi swali lililonyooka: "Hii paneli ni wati 150 kamili? Ni mpya? Ina waranti ya muda gani?" Jibu lake la "ndiyo boss, original" ndilo litakalombana baadaye. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inazitambua rekodi za namna hii, na Sheria ya Mikataba inakubali kwamba mkataba ulio katika ujumbe wa kielektroniki ni mkataba wa maandishi. Hilo si dogo: mkataba wa kitu chenye thamani inayozidi shilingi 500,000 unatakiwa uwe wa maandishi. Ukinunua friji ya milioni moja na nusu kwa mdomo tu, umejichimbia shimo mwenyewe.

Omba risiti. Duka lililosajiliwa kwa VAT linapaswa kukupa ile ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (URA), yenye namba ya mlipakodi, na hapo umeshamjua mtu wako ni nani. Wengi watakupa karatasi ya kitabu cha dukani iliyoandikwa "bidhaa 1". Ikatae kwa upole. Mwambie aandike aina, ukubwa, namba ya kifaa na neno "mpya" kama ndivyo alivyosema. Na unapotuma pesa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha, ulinakili. Mara nyingi ndilo jina la kweli pekee utakalolipata.

Hatua ya 2: Tenganisha porojo na ahadi

Sheria haimkamati mtu kwa kujisifu. "Godoro tamu kuliko yote Afrika Mashariki" ni maneno ya sokoni, hakuna hakimu atakayelipima. Lakini "wati 150", "bati la geji 28", "lita 20", "mpya kutoka kiwandani", "waranti ya miaka miwili" ni mambo yanayopimika. Hayo yanaingia kwenye maelezo ya bidhaa, na sheria ya 2017 inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Muuzaji anayefanya biashara hiyo pia anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa ni ya ubora unaokubalika, na kama ulimweleza kazi unayoitakia akakuchagulia yeye, basi iweze kuifanya kazi hiyo. Kinga hii ina ukingo wake: kasoro aliyokuonyesha kabla ya kununua, au ambayo ulipaswa kuiona ulipoikagua, ni mzigo wako.

Wanafunzi wa sheria hapa kwetu bado wanafundishwa kesi ya London ya miaka ya 1890, ya Bi Carlill na kampuni ya Carbolic Smoke Ball. Kampuni ilitangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayetumia kifaa chake kama ilivyoelekezwa kisha akapata mafua. Ili kuonyesha haitanii, ikasema imeweka pauni 1,000 benki. Bi Carlill akakitumia, akaugua, akadai. Kampuni ikajitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya biashara tu. Majaji wakasema hapana, mtu hasemi ameweka pesa benki kwa utani. Kipimo hicho kinafaa hata kwa statasi ya WhatsApp: kadiri ahadi inavyokuwa na namba na masharti, ndivyo inavyombana aliyeitoa.

Bei iliyoandikwa ni habari nyingine. Kwa kawaida bei ya kwenye tangazo au rafuni ni mwaliko wa kuja kununua, na mwenye duka anaweza kukataa kukuuzia kwa bei hiyo. Ukifika ukaambiwa "ile ya picha imeisha, ila kuna hii ya laki mbili zaidi", ondoka. Inaudhi, lakini kwa kuwa hujatoa pesa, madai yako mahakamani ni membamba. Vilevile zile "ilikuwa 900,000, sasa 450,000" ambazo hazikuwahi kuwa 900,000: ni uongo, ila kuthibitisha hasara uliyopata ni kazi ngumu. Mimi nisingepoteza nauli.

Hatua ya 3: Hesabu siku zako

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza haki bila kujua. Kama ulinunua kwa njia ya kielektroniki, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inakupa siku 7 tangu upokee bidhaa kufuta ununuzi, na gharama pekee unayoweza kubebeshwa ni ile ya kuirudisha bidhaa. Kwa huduma, siku zinahesabiwa tangu mlipokubaliana.

Sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji akupe taarifa zake kabla: jina, anwani ya mahali alipo, maelezo ya bidhaa, bei kamili na kadhalika. Asipotoa, siku zako zinakuwa 14. Hiki ndicho kilichoniokoa. Siku 7 zangu zilikuwa zimekwisha, lakini tangazo lile lilikuwa na namba ya simu na maneno "Kampala mjini" tu. Siku ya kumi na mbili bado nilikuwa ndani.

Tena, kama mlikubaliana bila kutaja siku ya kuletewa mzigo, muuzaji anapaswa kutimiza oda ndani ya siku 30. Na kifungu chochote anachoweka ili kukunyang'anya haki hizi za mtandaoni hakina nguvu. Vipo vitu ambavyo siku hizi haziviokoi, kama vyakula vya kila siku vinavyoletwa nyumbani na vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vyako mwenyewe. Gauni la harusi ulilopimiwa usilirudishe kwa sababu rangi imekuchosha.

Dukani ana kwa ana huna siku 7. Ukibadili nia tu, sheria haimlazimishi akurudishie. Ila kama bidhaa si ile uliyoelezwa, unaweza kuikataa, mradi usikae nayo muda mrefu kama mtu aliyeridhika. Ukigundua kasoro leo, sema leo, na uache kuitumia.

Hatua ya 4: Pima, na uwe na shahidi

Madai bila kipimo ni malalamiko. Fundi wangu aliiweka paneli juani saa sita mchana, akaunganisha mita, ikasoma ampea nne na kitu. Paneli ya wati 150 ya aina ile ingetoa karibu nane. Akaandika kwenye karatasi, akatia sahihi na namba ya simu, mimi nikapiga picha stika zote mbili. Gharama: 15,000 na chai.

Kwa mabati, kumbuka namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Anayekuuzia geji 32 kwa bei ya 28 anategemea kwamba huna kipimo cha unene mfukoni. Fundi wa vyuma anacho, mwazime.

Kwa mizani ya sokoni, nenda na pakiti ya chumvi ya kilo moja iliyofungwa. Iweke kwanza kwenye mzani wake kabla ya nyama. Utaona uso wa mtu ukibadilika. Angalia pia kama sindano inaanzia sifuri na kama mzani una muhuri wa ukaguzi wa UNBS, shirika la viwango, ambao haujapitwa na wakati. Kutumia mzani wa uongo katika biashara ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, kwa hiyo hapo unaripoti kosa, huombi hisani.

Hatua ya 5: Rudi kwa muuzaji, kwa adabu

Nilikuwa sijui duka liko wapi. Nilimpigia yule boda aliyeuleta mzigo, akanipeleka hadi mlangoni, ghorofa ya pili, katikati ya mji. Mwenye duka alikuwa mtulivu. Akanionyesha kibandiko ukutani na kusema, "Ssebo, mali ikishauzwa hairudi."

Utakiona kibandiko hicho kila mahali, hadi kwenye risiti. Kinaweza kumkinga na mteja aliyebadili nia. Hakimpi ruhusa ya kukuuzia wati 80 kwa jina la wati 150, na kwa ununuzi wa mtandaoni hakina meno kabisa. Usigombane. Sema unachotaka kwa sentensi moja, yaani urudishiwe pesa, ubadilishiwe au utengenezewe, kisha utaje siku ya mwisho. Usimwachie bidhaa bila maandishi kwamba ameipokea. Akisema "niachie nitaiangalia", mwambie atie sahihi kwanza. Mwenzangu mmoja aliacha simu namna hiyo, akabaki bila simu na bila ushahidi.

Hatua ya 6: Barua ya madai

Hii ina kazi mbili: inamstua muuzaji, na inakufungulia mlango wa mahakama ya madai madogo, ambayo inataka uwe umemdai kwa maandishi na kumpa siku 14. Iwe fupi. Yangu, kwa maana yake, ilisema hivi:

"Tarehe fulani nilinunua kwako paneli ya sola iliyotangazwa kuwa ya wati 150, kwa shilingi 380,000, zilizotumwa kwa simu, namba ya muamala ni hii. Ilipopimwa na fundi ilionekana ni ya wati 80, na chini ya stika ya wati 150 kuna stika ya wati 80. Haikulingana na maelezo uliyotoa. Hukunipa anwani yako kabla ya mauzo. Nafuta ununuzi na nadai shilingi 380,000 ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii. Paneli iko tayari kuchukuliwa. Usipolipa, nitafungua madai mahakamani bila kukupa taarifa nyingine. Nimeambatanisha nakala za tangazo, muamala, picha na maelezo ya fundi."

Tengeneza nakala mbili. Apokee moja, atie sahihi kwenye yako. Akikataa, ipeleke ukiwa na mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la mtaa, au mtu mzima mwingine, naye aandike kwamba aliona. Itume pia kwa WhatsApp na uhifadhi zile tiki. Mahakama zetu zinaendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kama unakiweza, andika kwa Kiingereza chepesi au weka tafsiri. Usitie matusi wala vitisho vya kumchafua mtandaoni. Barua hiyo ataisoma hakimu.

Hatua ya 7: Mlango wa nani?

Wakati siku 14 zinakwenda, peleka malalamiko kwa chombo kinachohusika. Elewa mapema kwamba vyombo hivi vinaweza kumkagua, kumkamatia mzigo au kumfungulia kesi muuzaji, lakini pesa yako kwa kawaida utaidai mwenyewe.

Bidhaa hafifu, vipimo vya uongo, au alama ya ubora ya Q iliyoghushiwa ni kazi ya UNBS, Shirika la Taifa la Viwango. Makao yake makuu yako Bweyogerere, na lina ofisi Mbale, Gulu na Mbarara. Simu ya bure ni 0800 133 133. Alama ya Q peke yake isikulaze usingizi, maana kuchapisha stika mjini ni kazi ya asubuhi moja. Na usiichanganye na stempu ya kodi ya kidijitali ya URA iliyo kwenye chupa: unaweza kuihakiki kwa programu ya Kakasa, lakini stempu ile inahusu kodi, haikuambii kama kilichomo ndani ni kizuri.

Dawa ni NDA, Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Tangazo la dawa linahitaji idhini yake, kwa hiyo yule wa kipaza sauti kwenye teksi paki anayeuza chupa moja inayotibu sukari, presha, nguvu za kiume na bahati mbaya, muulize idhini iko wapi. Kisha simama mbali kidogo.

Matangazo ya redio na televisheni, na hila za kampuni za simu kama huduma zinazokula muda wa maongezi bila wewe kujiunga, ni Tume ya Mawasiliano, UCC. Anza na kampuni yenyewe, chukua namba ya lalamiko, ndipo uende UCC. Ukifika bila namba hiyo utarudishwa.

Mikopo na akaunti za benki zina utaratibu kama huohuo: benki kwanza, kisha Benki Kuu ya Uganda, ambayo tangu 2011 ina miongozo ya kumlinda mteja inayotaka gharama zote zielezwe wazi. Mkopeshaji binafsi au programu ya mkopo wa haraka iko chini ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo. Kabla hata ya kulalamika, uliza kama ana leseni.

"Umeshinda gari, tuma 50,000 ya usajili" hiyo haina haja ya mdhibiti. Nenda polisi. Kujipatia mali kwa uongo ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka mitano. Fungua faili, chukua namba ya SD (ya kitabu cha kumbukumbu cha kituo), na ujue kufungua kesi ni bure. Polisi wetu Kiswahili wanakijua vizuri, eleza kwa lugha yako. Ila usiwageuze polisi kuwa wakusanya madeni: mzozo wa bidhaa mbovu kutoka kwa mtu mwenye duka linalojulikana mara nyingi watakuambia ni wa madai, na wana haki.

Hatua ya 8: Mahakama ya madai madogo

Kama dai lako halizidi shilingi milioni 10, Kanuni za Madai Madogo za 2011 zimetengenezwa kwa ajili yako. Utaratibu huu uko katika mahakama nyingi za mahakimu sasa, zikiwemo Mengo, Nakawa na Makindye. Mawakili hawasimami humo, hata kama muuzaji ana pesa za kumlipa mmoja. Unajaza fomu, unalipa ada ndogo, unaambatanisha barua ya madai na uthibitisho kwamba ilimfikia. Yeye anaitwa ajibu. Siku ya kusikilizwa nenda na kila kitu asilia, simu yenyewe ikiwa imechajiwa, bidhaa yenyewe, na fundi wako kama anaweza. Panga nakala kwa tarehe. Hakimu atauliza maswali ya moja kwa moja, na anaweza kuamuru alipwe mtu kwa awamu.

Dai dogo zaidi, la hadi shilingi milioni 2, linaweza pia kwenda kwenye mahakama ya baraza la mtaa. Ni rahisi na ni karibu, lakini mimi naipendekeza tu pale muuzaji anapoishi au kufanya biashara kwenye eneo hilohilo na kumheshimu mwenyekiti. Kwa duka la mjini, nenda kwa hakimu.

Ukishinda na asilipe, rudi mahakamani kuomba utekelezaji. Usiende kumbebea televisheni yake mwenyewe, utageuka mshtakiwa.

Mimi sikufika huko. Siku ya kumi na moja ya zile 14, simu ililia asubuhi. "Ssebo, leta kitu chako." Nikaenda na yule boda yuleyule. Mwenye duka aliipokea paneli, akaitazama pale stika ilipokuwa imebanduliwa, hakusema neno, akaiegemeza ukutani chini ya kibandiko chake. Nikaandika kwenye nakala ya barua, "amelipa, amepokea bidhaa", tukatia sahihi wote wawili. Pesa iliyoingia kwenye simu ilikuwa 375,000. Elfu tano alisema ni ya boda. Nauli ile niliilipa mwenyewe, na nilitaka kumwambia. Lakini mzigo ulikuwa umesharudi na karatasi imesainiwa, nikaona elfu tano si ya kurudia hatua nane.